Kuhamia Kentucky na gari lako: usajili, kodi ya mali, na tarehe 1 Januari

Shule zikifungwa tu, watu wanaanza kuhama, na simu yangu haitulii. "Kaka, nimefika Louisville wiki iliyopita na pleti za Texas, nifanyeje?" "Shemeji, nimeletewa bili ya kodi ya gari ambalo nilishaliuza, hawa si matapeli?" "Ofisi ya magari, DMV, ya Lexington iko wapi? Naizunguka siioni." Maswali ni yale yale kila mwaka, na kila anayeuliza anastahili jibu kamili, si la juujuu la mtu aliye kazini. Basi nimeyaweka hapa kwa utaratibu.

Nimechagua Kentucky kwa sababu ndiko wenzetu wengi wanakohamia: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania, Wakenya. Wengi walifikia jimbo jingine kwanza, kisha wakafuata ndugu, kanisa au kazi. Mbele kidogo nitagusa majimbo mengine.

Kabla ya yote, tenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna usajili, yaani pleti (bamba la namba) na kikaratasi cha kukuruhusu kuendesha. Halafu kuna kodi ya mali, ambayo unalipa kwa sababu tu gari ni lako, hata likiwa limelala uani mwaka mzima. Ukitoka Texas au Ohio hujawahi kuiona hiyo ya pili, maana kule gari la matumizi ya nyumbani halitozwi kodi ya mali ya kila mwaka. Kentucky linatozwa. Mshtuko wote unaanzia hapo.

Andaa hivi kabla hujatoka nyumbani

- Hati ya umiliki, ile ambayo huku tunaiita taito. Kwetu karatasi moja inatosha, iwe kadi ya gari ya Tanzania, logibuku ya Kenya au karte rozi ya Kongo. Marekani ziko mbili: taito inasema gari ni la nani, na kadi ya usajili inasema limeruhusiwa barabarani. Usiende na moja ukidhani ni nyingine.
- Kadi ya usajili ya jimbo unakotoka, hata kama imebakiza siku chache.
- Kitambulisho chenye picha na namba yako ya Social Security.
- Kadi ya bima yenye anwani yako ya Kentucky.
- Risiti au karatasi ya mauzo inayoonyesha kodi uliyolipa uliponunua gari. Hii watu huitupa. Itafute.
- Fomu TC 96-182, ya kuomba hati na usajili. Inapatikana ofisini na mtandaoni. Jaza unachokijua, lakini usitie sahihi mpaka uwe mbele ya anayeipokea.
- Gari lenyewe. Wapo waliopanda basi hadi ofisini na faili limekamilika, wakarudishwa kwa sababu gari lilibaki nyumbani.

Hatua kwa hatua

1. Jua taito iko wapi, mwezi mmoja kabla ya kuhama. Kama gari liko kwenye mkopo, huenda taito iko benki, na majimbo mengine huihifadhi kwa kompyuta tu bila karatasi. Piga simu kwa aliyekukopesha, mwambie unahamia Kentucky na unataka kusajili huko. Muulize anatuma nini, kwa nani, na baada ya siku ngapi. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe. Barua hizi huchukua wiki kadhaa, na sheria ya Kentucky inakupa siku 15 tu za kusajili gari tangu uwe mkazi. Ukianza kuuliza baada ya kufika, umeshachelewa.

2. Badilisha bima kwanza, usiikate. Mpe wakala anwani ya mahali gari litakapolala. Kentucky inataka bima ya kulipia wengine isiyopungua dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 50,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali iliyoharibiwa. Juu yake kuna kinga ya matibabu ya msingi ya dola 10,000, inayokuhudumia wewe na abiria wako bila kujali nani mwenye kosa. Sera ya Texas haina mpangilio huu, kwa hiyo kadi ya zamani haitakusaidia dirishani.

Narudia kwa sababu imeumiza wengi: sera mpya ianze, ndipo ya zamani ife. Usiache hata siku moja wazi katikati.

3. Peleka gari likakaguliwe na sherifu. Neno "ukaguzi" linawatisha watu, hasa mwenye gari linalotoa moshi kidogo au taa ya injini imewaka. Tulia. Kentucky haina ukaguzi wa moshi wala wa breki wa kila mwaka. Naibu sherifu anahakiki tu kwamba gari ni lile lililoandikwa kwenye karatasi. Anainama kwenye pembe ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, anasoma namba ya chasisi, anafungua mlango na kuilinganisha na stika iliyo ndani. Kisha anaangalia maili kwenye dashibodi, anaandika kwenye fomu yako na kutia sahihi. Ukilipeleka mwenyewe ofisini kwake, ada ni dola 5. Beba noti.

Kabla hajaja, soma namba hiyo wewe mwenyewe. Ina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kamwe. Ukiona kitu kama O kwenye taito yako, ni sifuri. Nimeona fomu ikikataliwa kwa sababu mtu alinakili O mahali pa sifuri, na mama wa watu akarudi kupanga foleni upya na mtoto mgongoni.

Jijini Louisville na Lexington, piga simu au tazama tovuti ya kaunti kujua naibu anakagulia wapi na saa ngapi. Saa zao haziwi sawa na za karani kila mara.

4. Nenda kwa karani wa kaunti. Hapa ndipo lilipo jibu la yule anayetafuta DMV. Kentucky gari husajiliwa kwa karani wa kaunti unayoishi: Jefferson kwa Louisville, Fayette kwa Lexington, Warren kwa Bowling Green. Leseni ya udereva ni ofisi nyingine kabisa, za jimbo, na unapewa siku 30 kuihamisha. Usipange kufanya yote mawili asubuhi moja.

Dirishani utatoa fomu iliyosainiwa na sherifu, taito, bima na kitambulisho. Utalipa ada ya hati na ada ya usajili. Gari la haibridi au la umeme lina ada ya ziada kila mwaka, na wenye Prius za Uber huwa hawaitarajii.

Hapo hapo linakuja suala la kodi ya matumizi, asilimia 6 ya thamani ya gari. Usikimbie. Ukionyesha kwamba ulishalipa kodi ya mauzo kwenye jimbo ulikotoka, inahesabiwa upande wako. Ndiyo maana nilisema risiti itafutwe. Ikiwa gari lilikuwa zawadi au ulilinunua wiki mbili kabla ya kuhama, mwambie karani ukweli huo mwanzoni, maana hesabu yake inaweza kuwa tofauti.

Kabla hujatia sahihi, soma jina lako kwenye skrini au kwenye karatasi. Majina yetu yana shida hapa. Kitambulisho kimeweka jina la baba mwisho, taito imeliweka mwanzo, bima imeacha la katikati. Dai yalingane. Likiwa gari la watu wawili, uliza majina yameunganishwaje: yakiunganishwa kwa "na", siku ya kuuza lazima wote wawili wasaini, hata kama mmoja yuko Goma kwenye msiba.

5. Ielewe kodi ya mali kabla haijakufikia. Hapa naomba usome polepole.

Kentucky inauliza swali moja: tarehe 1 Januari, gari hili lilikuwa la nani na lilikuwa hapa? Aliyekuwa mwenye gari siku hiyo anadaiwa kodi ya mwaka mzima. Kuuza Februari hakupunguzi kitu. Ukihamia Machi na gari lililokuwa Ohio siku ya mwaka mpya, kodi ya mwaka huo haikuhusu. Inakuanza Januari inayofuata.

Watu wajanja huniuliza, "Basi nikikaa na pleti za Ohio mpaka mwakani, si nimekwepa?" Hapana. Kodi inafuata mahali gari linapokaa, si rangi ya pleti, na wewe utakuwa umevunja ile sheria ya siku 15 na kumdanganya wa bima anwani. Ajali moja tu, na bima ikagundua gari linalala Lexington, utajuta.

Kiasi chake kinatokana na thamani ya gari. Ofisi ya PVA, yaani mthamini wa mali wa kaunti, ndiyo inayothamini, karani anapokea fedha. Sehemu ya jimbo ni senti 45 kwa kila dola 100 za thamani. Juu yake kuna kaunti, shule, jiji, na huduma nyingine kulingana na unapoishi. Chukua gari la dola 8,000: sehemu ya jimbo peke yake ni dola 36. Tuseme, kwa mfano tu, viwango vyote vikijumlishwa vinafika dola 1 na senti 20 kwa kila 100; utalipa dola 96. Hazikuangushi, lakini zikija bila kutarajiwa, kwa magari mawili au matatu, zinauma.

Zinakuja lini? Unapohuisha usajili, na usajili wa gari la mtu binafsi Kentucky huisha mwisho wa mwezi aliozaliwa mwenye gari. Sasa wewe na mimi tunajua kwenye kambi za wakimbizi karatasi ziliandikwaje. Aliyekuwa hana cheti cha kuzaliwa aliandikiwa 1 Januari. Baba 1 Januari, mama 1 Januari, kijana mkubwa 1 Januari. Nyumba nzima ina magari matatu, na yote yanadai pleti na kodi mwezi mmoja, mwezi ule ule ambao Krismasi imemaliza akiba na bili ya gesi ya kupasha nyumba imepanda. Ninaijua familia iliyoegesha magari mawili Februari nzima kwa sababu hiyo. Kama tarehe yako ni hiyo, anza kuweka dola 10 au 15 kila mwezi kwa kila gari kuanzia sasa. Huwezi kuhuisha usajili bila kulipa kodi.

6. Funga mlango wa nyuma. Ukishapata pleti za Kentucky, maliza na jimbo ulikotoka. New York na Maryland, kwa mfano, zinataka pleti zirudishwe kabla hujakata bima yao. Ukikata kwanza, wanaona gari lenye pleti zao halina bima na wanakuandikia faini. Majimbo mengine hayadai pleti. Tazama tovuti ya jimbo lako, na ukizituma kwa posta chukua risiti ya kufuatilia. Kisha badilisha anwani yako posta ya Marekani, maana notisi ya karani haitakufuata kwa miguu.

Makosa ninayoyaona kila mara

La kwanza kwa ubaya ni kumwachia ndugu gari kwa maneno. Unahama, unampa binamu funguo na taito, mnakumbatiana, unaondoka. Kwa karani gari bado ni lako. Januari inapofika unadaiwa kodi wewe, na akigonga mtu, jina linalotafutwa ni lako. Mimi nilifanya hivi na gari langu la kwanza, kwa mtu ninayempenda na aliyekuwa na nia njema. Deni lilinifikia mwaka uliofuata, na lilizuia usajili wa gari jipya nililokuwa nimenunua. Uhamisho ufanyike kwa karani, wote wawili mkiwepo ikiwezekana.

Pili, kusaini taito mapema. Sahihi ya muuzaji kwenye taito ya Kentucky inathibitishwa na mthibitishaji wa sahihi (notary public) au karani msaidizi. Ukisaini jikoni, umejiletea kazi ya kuomba taito nyingine. Na usifute wala kupaka wino mweupe popote kwenye karatasi hiyo.

Tatu, kulipa mtu wa pembeni dola 150 "akushughulikie". Kazi yote hii ni siku moja ya mapumziko. Kama Kiingereza kinakusumbua, uliza mkalimani unapopiga simu kupanga kwenda, au nenda na kijana wa nyumbani. Na ujumbe wa simu unaodai ulipie faini ya gari kwa kubofya kiungo, ufute.

Kama unahamia jimbo jingine

Missouri nayo hutazama Januari 1, na hupati pleti bila risiti ya kodi. Mgeni anaomba kwa mthamini wa kaunti barua ya kuthibitisha kwamba hakudaiwa. Iombe kabla ya kupanga foleni. North Carolina inakusanya kodi na pleti kwa bili moja. South Carolina inataka kodi ya kaunti ilipwe kwanza, ndipo usajili, na inampa mgeni siku 45. Georgia haikutozi kila mwaka. Mgeni analipa mara moja asilimia 3 ya thamani, kwa hiyo ajiandae na fungu kubwa siku ya kwanza. Maine unalipa ushuru wa gari kwenye ofisi ya mji au jiji unakoishi kabla ya kusajili.

Ukikwama

*Benki haijatuma taito na siku 15 zinaisha.* Nenda kwa karani hivyo hivyo, na kadi ya usajili ya zamani, bima, fomu iliyokaguliwa na mawasiliano ya benki. Muulize njia iliyopo kwa gari lenye mkopo. Kukaa nyumbani ukisubiri ndiko kunakoleta faini.

*Thamani waliyoweka ni kubwa kuliko gari langu.* Kitabu cha bei hudhani gari liko katika hali ya kawaida. Kama limekwenda maili nyingi mno au limegongwa, nenda PVA kabla ya kulipa. Beba picha, makadirio ya gharama kutoka gereji, na karatasi inayoonyesha maili, kama risiti ya kubadilisha oili. Wanachotazama ni hali ya gari tarehe 1 Januari, hivyo picha za ajali ya Machi hazisaidii. Mzee mmoja wa kwetu alikwenda na risiti za oili za miaka mitatu zimepangwa kwenye bahasha moja. Alitoka na thamani iliyopunguzwa.

*Nimeletewa bili ya gari nililouza.* Angalia tarehe ya uhamisho kwenye rekodi ya karani, si tarehe mliyopeana fedha. Kama ni baada ya Januari 1, lipa, maana deni hilo linafunga magari yako mengine. Kama uhamisho haukufanyika kabisa, mtafute mnunuzi leo mwende pamoja.

*Bima ilikatika na usajili umefutwa.* Kampuni za bima huripoti kwa kompyuta, kwa hiyo jimbo linajua. Usiendeshe. Pata sera mpya, peleka uthibitisho kwa karani, uliza ada ya kurejesha.

*Naendesha Uber, kodi hii naweza kuihesabu?* Sehemu inayohusu biashara inaweza kuingia kwenye gharama zako za mwaka. Tunza risiti ya karani pamoja na daftari lako la maili, umwonyeshe anayekuandalia ripoti ya kodi.

*Nimeondoka Kentucky na bado wananidai.* Watumie karani na PVA nakala ya usajili wa jimbo jipya yenye tarehe. Ikiwa ni kabla ya Januari 1, omba kwa maandishi gari liondolewe kwenye orodha ya mwaka huo. Ikiwa umesajili Januari 5, kwa rekodi yao gari lilikuwa bado Kentucky siku ile, na unaweza kudaiwa mwaka mzima. Kwa hiyo, ukihama Novemba au Desemba, usingoje sikukuu zipite: sajili gari kule unakokwenda kabla ofisi hazijafungwa kwa mwaka mpya, na ile karatasi ipige picha siku hiyo hiyo.